Miguu Minane ya Wimbo wa Sombe

Enzi zetu pale mtaani Katuba, mtoto wa kike hakuulizwa kama anajua kuimba. Aliulizwa kama anajua kutwanga, mengine yakafuata yenyewe. Jioni kila ua lilikuwa na kinu chake cha sombe, hayo majani ya muhogo ambayo bila hayo bukari, ugali wetu, haishuki vizuri kooni, na kila kinu kilikuwa na sauti yake. Ungeweza kufumba macho, ukatembea kutoka mwanzo wa avenyu yetu hadi kwenye bomba la maji, na ukajua uko mbele ya mlango wa nani. Kwa jirani wa kulia mchi ulianguka polepole, kama mtu anayepanda ngazi na goti bovu. Kwa mabinti wa nyumba ya kona, waliotwanga wawili wawili, ulisikia tu-tu, tu-tu, kama moyo wa mwizi. Na kwetu ulisikia wimbo.

Nawaandikia ninyi wa umri wangu, mliowahi kuficha viwavi vya kukaanga kwenye mfuko wa sare ya shule hadi mfuko ukang'aa kwa mafuta. Mnakumbuka vumbi jekundu lililoingia hadi ndani ya soksi. Mnakumbuka asubuhi za baridi, sweta juu ya sweta, na pua zinazotiririka kama mishumaa ya Pasaka. Mnakumbuka munkoyo, togwa yetu ya mahindi, uliokaa siku nyingi mno ukachacha, ukamfanya mtoto acheke peke yake kanisani. Na wasichana mnakumbuka nzango: mistari miwili inaangaliana, makofi, wimbo, kuruka, kisha kila mmoja anatupa mguu mbele, na anayeshinda anajulikana kwa mguu gani umekutana na upi. Viatu viliisha upande mmoja. Mama zetu walikuwa wakipiga kelele kutoka jikoni: "Viatu haviote mu shamba, eh!"

Kwetu tulikuwa wanne. Mimi, Feza, ndiye wa kwanza, kwa hiyo hakuna aliyeniita Feza. Niliitwa Yaya, kama wanavyoitwa wakubwa wote huku kwetu. Banza alinifuata, mwembamba, mwenye maswali mengi kuliko meno. Kisha Monga, ambaye alifungua mdomo kwa ajili ya chakula tu. Na Mado wa mwisho, ambaye baba alimwacha bado yuko mgongoni. Baba alikuwa mtu wa reli. Alipofariki, mama alibaki na sisi na kinu.

Wimbo wa mama ulikuwa wa kutugawia kazi. Wengine walipiga kelele, yeye aliuliza kwa kuimba, mchi ukipanda na kushuka, nasi tuliitikia popote tulipokuwa:

Nani analeta maji?
Ni Feza wa nyumba moja.
Nani analeta kuni?
Ni Banza wa nyumba moja.
Nani anachunga moto?
Ni Monga wa nyumba moja.
Nani analia njala?
Ni Mado wa nyumba moja.

Halafu wote kwa pamoja, hata jirani aliyepita njiani:

Bote ni ba nyumba moja!

Kiitikio hicho cha mwisho hakikuwa na kikomo. Ilitegemea ugumu wa majani. Sombe ikikataa kulainika, mama aliendelea kuuliza chochote kilichopita mbele ya macho yake, na jibu lilikuwa lile lile, kwamba wote ni wa nyumba moja. Hapo ndipo sisi wanne tulipogundua jambo zuri sana. Mama aliuliza, "Nani amevunja kopo?" nasi tukapaza sauti, "Bote ni ba nyumba moja!" Aliuliza, "Nani amekula nyama?" nasi, "Bote ni ba nyumba moja!" Atampiga nani? Mpaka leo hii haijulikani rasmi ni nani aliyekula nyama ya Noeli, ingawa Monga alilala bila kuomba chakula, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla.

Nilipokuwa mwaka wa sita tulifundishwa na Mwalimu Kabwe. Alikuwa mtu mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hadi likawa gumu kama jalada la daftari, na alipenda mashairi kama wanaume wengine wanavyopenda mpira. Siku moja aliingia darasani akaandika shairi la Kifaransa ubaoni, akatuambia kuna mambo matatu ya kutafuta ndani yake. Alieleza kwa Kifaransa, akaona macho yetu yametoka nje kwenda kucheza, akageukia Kiswahili.

"Sikieni. Ya kwanza, rime. Rime ni mukia. Angalieni mikia ya mistari, inafanana ao haifanane? Ya pili, kipimo. Kipimo ni miguu. Kila sauti moja ni muguu moja, na kila vers ikuwe na miguu sawasawa, hapa munane, kama sivyo inachechemea. Ya tatu, kurudilia. Kitu muntu anarudilia, njo kile anaogopa kitapotea."

Baadaye sana nilisikia kwamba wenzetu wa pwani huita vina na mizani. Majina mazuri, siyakatai. Sisi tulikuwa na mikia na miguu, na tulielewa.

Tatizo lilianzia nyumbani. Kwa Kifaransa mstari wa shairi huitwa vers, na kiwavi naye huitwa ver. Kwa maandishi ni vitu viwili, kwa sikio ni kimoja. Jioni ile mama alikuwa amepika viwavi kwa nyanya na kitunguu, na Banza, ambaye alikuwa madarasa mawili nyuma yangu, aliniuliza tumejifunza nini.

"Tumejifunza ver," nikasema. "Kila ver inakuwa na miguu munane, na mukia."

Banza alitazama sahani. Alichukua kiwavi kimoja, akakigeuza tumbo juu, akakisogeza karibu na taa, akaanza kuhesabu midomo ikitikisika. Alirudia mara ya pili. Kisha akakiweka chini kwa heshima.

"Yaya, mwalimu wenu anabadanganya. Hii iko na kumi na sita."

"Yangu haina hata moja," akasema Monga, ambaye alikuwa amekwisha kumeza.

Mama alicheka hadi akakaa chini, kijiko mkononi. Nilipofanikiwa kueleza kwamba ni mistari ya shairi wala si wadudu, alisema, "Basi hiyo ya Banza ni ver mbili, batoto, kuleni." Halafu akataka kujua hiyo miguu inahesabiwaje. Nikagonga wimbo wake wa sombe kwenye ukingo wa beseni: na-ni a-na-le-ta ma-ji. Minane. Ni Fe-za wa nyu-mba mo-ja. Minane. Bo-te ni ba nyu-mba mo-ja. Minane tena. Mama alishangaa kama mtu aliyeambiwa kwamba amekuwa akizungumza Kilatini.

"Miye nilipima na muchi tu," akasema.

Banza, ambaye hakupenda somo limpite, alitupanga kwenye benchi, akanyoosha miguu yetu yote mbele, akahesabu: yangu, yake, ya Monga, ya Mado iliyokuwa bado mifupi na yenye matope. "Munane! Mama, tuko ver moja!" Mado alipiga makofi. Alidhani tutaliwa.

Wiki iliyofuata Mwalimu Kabwe alituambia kila mtu alete shairi kutoka kwao, lolote linaloimbwa nyumbani au barabarani. Alijuta, nadhani. Msichana mmoja alileta tangazo la sabuni la redioni. Mwalimu alilichambua bila kucheka, akakuta mikia inafanana yote, akampa alama nzuri. Mvulana wa benchi la nyuma, mwenye kiburi cha mpira, alileta wimbo ambao vijana wa avenyu yao waliwaimbia wapinzani wao, nao ulihusu dada za wapinzani. Darasa liliziba midomo. Sote tulisubiri fimbo. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, akihesabu kwa vidole.

"Matusi yako iko na miguu saba mu vers ya pili," akasema. "Inachechemea. Rudia nayo nyumbani, uitengeneze."

Sijawahi kuona mtu akiaibika kiasi kile. Hakutukana tena mwaka mzima.

Zamu yangu ilipofika, Mwalimu aliandika wimbo wa mama ubaoni na kutuambia tuukanyage. Watoto arobaini na kitu tuliukanyaga kwenye sakafu ya mbao, mguu kwa sauti, hadi sista mkuu akaja mbio akidhani jengo linaanguka. Miguu ilikuwa sawa. Ndipo tukafika kwenye mikia. Maji, kuni, moto, njala. Mvulana yule wa matusi alipata nafasi yake.

"Mwalimu! Wimbo ya Feza ni mbwa bila mukia!"

Darasa lilicheka, na mimi nilitamani kuingia ndani ya dawati. Mwalimu aligonga ubao. "Na mistari ya kujibu? Inaishia na nini?"

"Moja," tukasema. "Moja. Moja. Moja."

"Hiyo si mikia inafanana. Ni mukia moja inarudi. Feza, juu ya nini mama yako anarudilia 'nyumba moja'?"

"Juu alikosa neno ingine, Mwalimu."

Walicheka tena. Yeye hakucheka. Alisema nimuulize mwenyewe, nilete jibu. Nilimkuta mama akichambua majani, nikamuuliza. Hakuinua hata kichwa.

"Ukiita kuku jioni, unaita mara moja?"

Nilipeleka jibu hilo shuleni kama lilivyo. Mwalimu aliliandika ubaoni chini ya wimbo, akatuachia mapumziko mapema.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, mama aliugua. Sitaandika sana hapo. Aliondoka haraka, kama alivyofanya kazi zake zote, na nyumba ikajaa watu na viti vya kuazima.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja kutoka Pweto na gunia la samaki wakavu lililofika mlangoni kabla yake, maana harufu ilimtangulia. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti nzito ya kwaya. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: hakuweza kusikia wimbo akanyamaza. Hata padri akikohoa kwa mpangilio, Baba mkubwa aliweka sauti ya chini. Mama mdogo Bernadette, mdogo wake mama, alikuja kutoka Mokambo, ambako alifanya biashara ya mpakani. Alizungumza haraka, huku akifungua mizigo na kukunja nguo za watu ambao hawakumwomba. Wote wawili walikuwa watu wema. Nasema hivyo kwa sababu wanaosikia habari hizi hupenda kumtafuta mchawi, na mchawi hakuwepo. Palikuwa na watoto wanne na watu wazima wawili waliokuwa na watoto wao.

Siku ya kufunga matanga, mchana, walikaa uani kutugawa. Nilikuwa napitisha maji ya kunywa, na hakuna anayemwona msichana anayepitisha maji. Banza na Monga wangekwenda Pweto, wakajifunze kukausha samaki. Mado angekwenda Mokambo. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na mikono, ningekwenda kwa ndugu mmoja mjini kati, nimlelee watoto wake. Walikuwa wanazungumza kwa upole na walikuwa wanakaribia kumaliza. Nilirudisha jagi jikoni nikamvuta Banza nyuma ya choo.

"Tulie," akasema Banza. "Tulie kwa nguvu."

"Leo kila muntu analia hapa. Nani atatusikia?"

Alifikiri. "Basi tuimbe."

Wanawake wa avenyu walikuwa wamepanga vinu pale pale uani kwa ajili ya chakula cha wageni, na wote waliujua wimbo wa mama. Walikuwa wameuitikia kwa miaka kupitia uzio. Na kiitikio chake kilikuwa kimekwisha kutuokoa kwa kopo na kwa nyama. Mpango ulikuja wenyewe. Kilichotusumbua ni miguu. Banza alihesabu kwa vidole akiwa ameegemea ukuta wa choo. "Nani anaenda Pweto. Munane, muzuri. Nani anaenda Mokambo... tisa! Yaya, Mokambo iko na muguu ya kuzidi!"

"Ikichechemea watacheka, hawatajibu."

"Basi Mado hawezi kwenda. Haiingie mu wimbo."

"Banza, fikiri!"

Alikata, akabandika, akakata tena, kamasi zikimshuka, hadi akapata: "Nani aende Mokambo." Tuliikanyaga wote wawili kwenye matope. Ilisimama sawasawa. Nilichukua mchi kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa amechoka, nikaanza.

Mara ya kwanza niliimba kama mama alivyoimba. Maji, kuni, moto. Wanawake waliitikia polepole, mmoja akafuta macho kwa kitambaa. Tulipofika kwa Mado anayelia njala, viti vya wenye mkutano vilikuwa vimenyamaza. Na kiitikio kilipoinuka, nilisikia kitu nilichokuwa nakingoja, kama ng'oma chini ya ardhi: Baba mkubwa ameingia na sauti yake ya chini.

"Bote ni ba nyumba moja!"

Nilimwacha apashe koo. Nani amevunja kopo? Bote ni ba nyumba moja! Nani amekula nyama? Bote ni ba nyumba moja! Alikuwa amefumba macho, mguu wake unapiga chini, Mama mdogo naye anapiga makofi kwa pembeni. Nikainua mchi.

"Nani anaenda Pweto?"

"Bote ni ba nyumba moja!" akanguruma Baba mkubwa.

"Nani aende Mokambo?"

"Bote ni ba nyumba moja!" akaitikia Mama mdogo, kisha akakodoa macho, mkono ukabaki hewani.

Halafu bibi yetu wa jirani, mjane tuliyemwita Kambo Serafina, maana kwetu bibi ni kambo, alianza kucheka, na alikuwa na kicheko cha kuku anayetaga. "Yo! Bamekamatwa! Mukubwa na mudogo, bote bawili bamekamatwa na sombe!"

Baba mkubwa alisimama. "Ni mchezo gani huu? Wimbo ni wimbo."

"Hapana, baba," akasema Kambo Serafina, akijipangusa macho. "Neno ile umeitikia ku matanga, mbele ya bantu, mara mbili, na sauti ya padri, hairudi nyuma. Njo sheria."

Sheria hiyo sikuwahi kuisikia kabla ya siku ile, na sijaisikia tena tangu siku ile. Lakini Kambo aliitamka kama mtu anayesoma Amri za Mungu, na wanawake wote wa vinu wakatikisa vichwa: ndiyo, njo sheria, tangu zamani. Banza, ambaye hakujua kunyamaza akiwa mbele, alimgeukia Mama mdogo na kumwambia kwa huruma, "Mama mudogo, Mokambo ilikuwa na muguu ya kuzidi. Tulihangaika nayo sana."

Sasa Baba mkubwa hakuwa mjinga. Aliwaacha wacheke hadi wakaisha. Kisha akanitazama mimi, si kwa hasira, akapiga mguu chini mara mbili kupata kipimo, na akaniuliza kwa wimbo, kwa sauti ile ile nzito, kila mguu mahali pake:

"Bote batakula nini?"

Hakuna aliyeitikia. Kile kiitikio hakikufaa hapo; ungewezaje kujibu swali hilo kwa kusema sote ni wa nyumba moja? Njaa nayo ingekuwa ya nyumba moja. Wanawake walitazama vinu vyao. Nilijua kwamba amenikamata kwa kamba yangu mwenyewe, na nilijua pia kwamba nikisema kwa maneno ya kawaida nitalia, na nikilia tumekwisha. Nilikuwa na mchi mkononi. Niliushusha.

"Ni sombe ya nyumba moja!"

Minane. Nilihesabu baadaye, usidhani nilihesabu pale. Nikaushusha tena, nikarudia, maana neno likisemwa mara moja ni bahati. "Ni sombe ya nyumba moja!" Mara ya tatu wanawake walikuwa nami, na vinu vyote, na Mado aliyekuwa anaruka katikati ya miguu ya watu bila kujua ni yeye anayezungumziwa. Baba mkubwa alisimama akiwa amefunga mdomo. Alishindana na nafsi yake, niliona shingo yake inavyovimba. Kwaya ilishinda. Aliingia na sauti ya chini, machozi yanamtiririka, akicheka.

Walipokaa tena mambo yalikuwa mengine. Kambo Serafina alisema nyumba yake inavuja na yetu haivuji, kwa hiyo yeye atalala kwetu, basi mtu mzima amepatikana. Mama mdogo alisema atapita kila akija mjini kununua bidhaa, na ole wangu akikuta Mado ana chawa. Baba mkubwa alitoa muda: hadi mwisho wa kiangazi. "Nikirudia nikute hata moja amekonda, ninabeba bote, na wimbo yenu."

Alirudi kweli. Alitupanga ukutani, akatukagua kama wanunuzi wanavyokagua mbuzi, akakaa, akala sombe yangu sahani mbili, akatuachia samaki, akaondoka. Mwaka uliofuata alifanya vile vile. Nadhani alikuwa anakuja kwa ajili ya sombe.

Shule niliiacha. Mtu hawezi kutwanga sombe ya kuuza sokoni asubuhi na kuwa benchini saa hiyo hiyo. Mwalimu Kabwe alikuja nyumbani na shati lake gumu, akasimama mbele ya kinu, akaniambia nafasi yangu bado iko.

"Mwalimu, si kila wimbo inahitaji kile kinabakia pahali pamoja, ingine yote inaenda na kurudi?"

"Kiitikio," akasema.

"Basi, miye njo kiitikio."

Alicheka kidogo, akavua kofia. Tangu hapo alinunua sombe kwangu tu, na mwaka baada ya mwaka alimuuliza Banza, kisha Monga, kisha Mado, kama wamefanya kazi zao za nyumbani, kwa ukali ambao hakuwafanyia watoto wengine. Wote watatu walimaliza shule. Banza hata alipata alama nzuri ya Kifaransa, na aliandika kwenye mtihani, anavyodai yeye, kwamba ver ina miguu kumi na sita.

Siku hizi sombe inasagwa kwa mashine. Unapeleka majani sokoni, kijana anayatia kwenye mdomo wa chuma, mashine inalia grrr, imekwisha. Ni safi, ni haraka, mgongo hauumi, nami mwenyewe naitumia. Lakini mashine haiulizi kitu. Juzi mtoto wa Mado alikuja likizo akanisikilizisha wimbo kwenye simu, na mwimbaji alirudia neno moja tangu tulipoanza kuchambua mchele hadi tulipoupika. Nikamuuliza wimbo huo una miguu mingapi. Akanitazama kwa huruma. "Mama mukubwa, hii ni ya kucheza, si ya kuhesabu." Nikamuuliza basi mwimbaji anaogopa nini kitapotea, hata anarudia hivyo. Akafikiri kweli, mtoto mzuri yule, akajibu, "Labda résó." Mtandao. Inawezekana. Huku kwetu mtandao unapotea sana.

Mtashangaa kusikia kwamba Mado anaishi Mokambo. Hakuna aliyempeleka, alimpata mume huko, akaenda kwa miguu yake mwenyewe, na Banza alimwambia siku ya harusi kwamba atachechemea maisha yake yote. Banza naye anaendesha malori makubwa ya migodi kule Kolwezi. Monga yuko Kinshasa, na kama zamani, hasemi kitu. Tunajua yuko hai kwa sababu anatuma picha za chakula. Wanapiga simu, siwalaumu. Mmoja anapiga Jumapili, mwingine anaacha ujumbe wa sauti nikiwa sokoni, nami namjibu yeye akiwa kazini. Kila mmoja ananiambia anakuja Noeli, na kila Noeli anakuja mmoja.

Simlaumu mtu, nimeshasema. Niliwashikilia ili wasigawanywe wakiwa hawawezi kujichagulia, na walipoweza wakajichagulia. Ila nikikaa uani jioni, na avenyu nzima imenyamaza hivi, nawafikiria Baba mkubwa na Mama mdogo, Mungu awalaze pema, kwa upendo mwingi zaidi ya ule niliokuwa nao siku ile. Enzi zetu, waliotaka kuwatenganisha ndugu walisafiri kutoka Pweto na Mokambo, wakaazima viti, wakala chakula cha watu, wakajadiliana jua likiwa kali, na bado wakashindwa. Siku hizi ndugu wanatengana bila hata mkutano.